Jinsi Nilivyomtetea Mzee Nongwa

Jumatatu, 3 Machi

Habari mbaya. Imenikuta ghalani saa tatu asubuhi, nimekaa juu ya mfuko wa saruji, chai mkononi. Domokimya ametangaza kwenye kundi la mashabiki kwamba bega lake limechoka. Miaka kumi na tisa ya kubeba vikaragosi viwili. Daktari amemwambia abaki na kimoja. Kwa hiyo mashabiki tutachagua kwa kura: Mzee Nongwa au Binti Asali. Atakayeshindwa anaingia sandukuni Jumapili baada ya onyesho la alasiri, na hatoki tena.

Niliweka chai chini. Nzi wameinywa.

Niandike vizuri, maana huenda siku moja mtu akalisoma daftari hili. Domokimya ni mchekeshaji anayesemesha vikaragosi. Midomo yake imefungwa kabisa, kikaragosi ndicho kinachopayuka. Mzee Nongwa ni wa mbao, ana taya kubwa, koti lake limepoteza kifungo, na hajawahi kumsifu mtu. Binti Asali ni wa kitambaa, kope ndefu kama brashi ya rangi, na humwambia kila mtu kwamba anapendeza. Ana miaka miwili tu kazini.

Mimi ni katibu wa chama cha mashabiki. Katibu hukaa kiti namba moja, safu ya mbele. Na kila onyesho, kwa miaka sita sasa, Mzee Nongwa huanza na mimi. Aliwahi kusema kichwa changu kiliwekwa juu ya shingo na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Aliwahi kuniuliza kama zile ni nyusi au nilisahau kunawa. Watu mia tatu huangua kicheko na kunigeukia. Siku nyingine zote nahesabu misumari, na hakuna anayenigeukia.

Binti Asali aliniambia mara moja kwamba nina macho mazuri. Akamwambia vivyo hivyo mtu wa pembeni yangu, aliyekuwa amevaa miwani ya jua.

Kufikia saa sita kundi lilikuwa linafuka moshi. Wengine wanasema Nongwa amepitwa na wakati, matusi yake yanauma, watoto wanaogopa lile taya. Wengine wanasema Asali ni chai ya vijiko tisa vya sukari. Mmoja anasema vikaragosi vyote viwili havina lolote, yeye huja kumwangalia mwenye mkono. Mwingine anadai alimwona Domokimya akitikisa mdomo mwaka juzi, na hadi leo hajamsamehe.

Mbaya kuliko wote ni Fundi Saa, makamu mwenyekiti wetu, anayetengeneza saa kwenye kibanda mkabala na posta. Huyu ana watu. Ameandika, kwa ule upole wake wa kuudhi, kwamba tangu afiwe na mkewe anapenda kusikia neno zuri walau mara moja kwa mwezi, hata kama limesemwa na kitambaa. Watu thelathini wamemuunga mkono papo hapo.

Nimepiga hesabu mara tatu. Nongwa anashindwa. Lazima nifanye jambo.

Jumanne, 4 Machi

Nimelifanya. Nimefungua akaunti mbili mpya kwenye simu yangu. Ya kwanza ni ya Mjane Mtulivu. Anampenda Nongwa, kwa sauti ya chini, kwa heshima. Ya pili ni ya Kapteni Mstaafu. Anamtaka Asali, lakini ni mpumbavu. Hapo ndipo penye akili yangu yote. Kapteni ataleta hoja za kijinga, Mjane atazibomoa moja baada ya nyingine, na kila mtu ataona haya kuwa upande mmoja na Kapteni.

Saa nne Kapteni aliandika kwamba Asali ni bora kwa sababu ni laini, na mtu akiangukiwa na Nongwa anaweza kuumia. Upuuzi mtupu. Nilicheka peke yangu nyuma ya mabati.

Saa nne na nusu Kapteni alikuwa na alama za dole gumba hamsini na tatu. Mmoja ameandika kwamba hatimaye amepatikana mtu anayefikiria usalama. Mwingine ameuliza kama Kapteni yuko tayari kugombea uenyekiti. Mimi nimekuwa katibu miaka sita na hajatokea mtu wa kuniuliza hivyo.

Nikamtuma Mjane haraka. Mjane alieleza kwamba marehemu mumewe alikuwa mtu wa kununa, hakumsifu hata siku moja katika maisha yao. Akimsikia Nongwa anahisi kama mzee bado yuko sebuleni, anatafuta miwani yake na kulaumu nyumba nzima, na miwani iko kichwani. Nilikuwa naandika hayo huku fundi bomba akinisubiri dirishani. Aliomba viungo vya kona kumi na viwili. Nilimpa bawaba kumi na mbili. Alirudi saa nane na maneno ambayo Nongwa mwenyewe angeomba ayaazime. Meneja aliyasikia yote. Amesema nikikosea tena wiki hii atanipeleka kwenye mchanga, nje, juani.

Haidhuru. Mjane amepata alama themanini. Themanini! Watu wanalia hadharani. Mama mkwe, aliyekuja kwetu mwezi wa Julai kukaa wiki mbili, tulimwingiza kwenye kundi ili apate cha kusoma. Leo jioni aliusoma ujumbe wa Mjane kwa sauti mezani, kisha akausoma tena polepole. Alisema mwanamke huyo ana moyo. Nikasema asante. Mke wangu akaniuliza asante ya nini. Nikasema ya chumvi. Mke wangu akaniambia chumvi iko mbele yangu tangu tukae.

Jumatano, 5 Machi

Kapteni hanisikii. Nimejaribu kumfanya mjinga zaidi, naye anazidi kuheshimiwa. Asubuhi alisema Nongwa ni wa mbao, na mbao huingia mchwa, na mchwa wakishatoka kwake watahamia kwenye viti vya ukumbi. Nilitegemea wamcheke. Badala yake nusu ya kundi inataka Nongwa apuliziwe dawa. Mama mmoja ameandika kwamba wiki iliyopita alisikia kitu kinatafuna, alidhani ni mumewe.

Saa tano likatokea jambo jipya. Fundi Saa alimwandikia Mjane faragha. Amesema ameusoma ujumbe wa miwani mara nne. Mkewe naye alikuwa akitafuta funguo akiwa amezishika. Akauliza, kwa adabu kubwa, kama Mjane ana saa yoyote nyumbani iliyosimama, maana angefurahi kumtengenezea.

Ningenyamaza, yangeishia hapo. Najua. Lakini mtu huyu ana kura thelathini mfukoni. Mjane akamjibu kwamba saa anazo, zinatembea, lakini moyo wake utakaa sawa siku akimwona Fundi Saa anampigia kura Nongwa. Kuandika kulinichukua sekunde chache tu.

Saa saba Fundi Saa alitangaza mbele ya kundi zima kwamba amebadili msimamo. Amesema kuna watu walionyamazishwa maisha yao yote, na Nongwa anasema kwa niaba yao. Thelathini wakamfuata kama walivyo.

Nimeshinda! Nimezunguka ghala mara mbili nikipigapiga madumu ya rangi.

Jioni mke wangu alikuta simu yangu mezani ikiwa imewaka. Fundi Saa alikuwa amemwandikia Mjane kumtakia jioni njema na kumwita mpole wake. Mke wangu akaniuliza tangu lini mimi ni mpole wa Fundi Saa. Nilimwambia ni shughuli za chama. Akasema chama gani hicho. Alikula bila kunitazama, na mimi nikala kidogo sana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwisha. Domokimya ameandika asubuhi kwamba amekuwa akisoma maoni yetu yote. Amefurahi. Jumamosi saa kumi atakuja mwenyewe kwenye mkutano wa chama, pamoja na vikaragosi vyote viwili. Kabla ya kura anataka Mjane Mtulivu na Kapteni Mstaafu wasimame mbele yake, mmoja amtetee Nongwa, mwingine amtetee Asali.

Kapteni nilimuua kwa urahisi. Yaani sikumuua, niliandika kwamba amepata safari ya ghafla ya kikazi. Mtu akauliza kazi gani na yeye ni mstaafu. Mwingine akauliza alikuwa kapteni wa meli, wa jeshi au wa mpira. Sikuwa nimeamua. Kapteni akasema hayo ni mambo ya siri, akatoka kwenye kundi. Heshima yake imepanda tena.

Nikajaribu kumwondoa na Mjane kwa mafua. Fundi Saa akajibu papo hapo kwamba kama Mjane hatakuja, yeye na wenzake thelathini hawatakuwa na sababu ya kumpigia kura mzee wa mbao. Alisema kwa upole. Lakini alisema.

Kwa hiyo nahitaji mjane. Mwenye umri wa kutosha, mwenye sauti ya chini, kabla ya Jumamosi saa kumi. Nilifikiria tangu mapumziko ya chai hadi saa ya kufunga. Nilipoingia nyumbani nikamwona mama mkwe amekaa dirishani anachambua mboga. Mjane halisi. Miaka minne sasa.

Mke wangu alikuwa bado kazini. Nikavuta kigoda, nikamwamkia kwa mara ya pili siku hiyo, nikamweleza kila kitu, nikitazama mboga. Hakushangaa hata kidogo. Aliniambia amejua tangu Jumanne, palepale mezani. Miwani ile ni ya marehemu mumewe. Hadithi ile alinisimulia yeye mwenyewe mwezi wa Septemba, siku mvua ilipotuzuia kutoka, na alidhani simsikilizi.

Nikaanza kumsaidia kuchambua mboga.

Akasema atakuja. Ana sharti moja: kiti changu cha mikono, kile cha karibu na feni, kiwe chake kuanzia leo. Nimekihamisha mwenyewe chumbani kwake. Nimekaa kwenye kigoda kuandika haya, na mgongo unauma.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimefanya kazi kwenye mchanga. Asubuhi mpaka rangi alitaka nyeupe madumu sita, nikampa kijani, kwa sababu nilikuwa nasahihisha hotuba ya mama mkwe juu ya kifuniko cha dumu. Ukuta mmoja wa zahanati sasa ni kijani. Meneja hakupaza sauti. Alinionyesha koleo tu.

Mazoezi jioni hayakwenda vizuri. Hotuba ni ukurasa mmoja. Mama mkwe anaisoma kama anasoma maelekezo ya dawa ya kikohozi. Nilimwomba atue kidogo baada ya neno "upweke", akaniuliza atue kwa sababu gani, yeye hajachoka. Nilimwonyesha jinsi ya kuinua leso taratibu kuelekea jichoni. Alinitazama nikifanya hivyo mara tatu, akasema nina kipaji, kwa nini nisivae gauni niende mwenyewe.

Mke wangu alifika nikiwa nimeinua leso kwa mara ya nne. Akadai maelezo. Ilibidi nimpe yote, Mjane, Kapteni, mpole, mchwa. Alikaa kwenye ukingo wa meza. Aliniuliza kama kuna wanawake wengine ndani ya simu hiyo. Nikaapa ni huyo mmoja. Akaniambia nimpigie Fundi Saa sasa hivi nimwambie ukweli, kabla mtu wa watu hajapata aibu. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hiyo ilinitisha zaidi.

Nilimwambia ni siku moja tu iliyobaki. Baada ya kura Mjane atahamia mbali na Fundi Saa atasahau. Mke wangu akasema mtu aliyefiwa hasahau kwa ratiba ya chama. Kisha akamgeukia mama yake na kumuuliza kama na yeye amekubali upuuzi huu. Mama mkwe akajibu kwamba ameahidi kwenda na atakwenda, na zaidi ya hapo hajaahidi.

Sikulitilia maanani neno hilo la mwisho. Nilikuwa nahesabu kura. Tutakuwa tisini na wanne. Sitini na nne zetu.

Jumamosi, 8 Machi

Lazima niandike, maana nisipoandika leo kesho nitaandika uongo.

Ukumbi wa chama ulijaa. Domokimya alikuja na shati la kawaida. Ni mtu mwembamba, nadhifu, bega limefungwa bendeji. Mzee Nongwa alikaa kwenye goti lake la kushoto, Binti Asali kwenye kiti cha pembeni. Fundi Saa alikuwa safu ya pili, amenyoa, amevaa tai, na mkononi ana kisanduku kidogo. Nilikiona kile kisanduku na nikakiondolea macho.

Kapteni akaitwa, kimya. Mjane Mtulivu akaitwa. Mama mkwe akasimama. Fundi Saa naye akasimama nusu, akakaa, akasimama tena.

Alisoma sentensi tatu za mwanzo vizuri kuliko kwenye mazoezi. Alitua kwenye "upweke". Nilikuwa nyuma yake, midomo yangu inafuata kila neno. Kisha akasimama katikati ya sentensi ya nne, akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba.

Akasema samahani, maneno haya si yake. Yeye ni mjane kweli, lakini hajawahi kumwandikia mtu yeyote kwenye kundi. Amekuja kwa sababu ameombwa na mkwewe. Na kuhusu Mzee Nongwa, hajamcheka hata siku moja, anaona ni kizee kikorofi kama vizee vingine. Lakini anajua jambo moja. Mkwewe akitoka kwenye onyesho, siku ametukanwa, anatembea amenyooka. Anayarudia yale matusi mezani siku tano, anamwamkia kila mtu, anaimba bafuni. Siku Nongwa alipougua taya na akaja Asali peke yake, mkwewe alirudi akalala na viatu. Kwa hiyo, kama ni kura yake, anampa Nongwa. Akakaa.

Fundi Saa alibaki amesimama. Aliuliza, polepole, kwamba basi Jumatano aliandikiana na nani.

Watu tisini na wanne wakanigeukia. Hakuna aliyecheka.

Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa neno Domokimya alisema nisijisumbue, yeye amejua tangu Alhamisi. Alieleza kwa sauti yake mwenyewe, na nilikuwa sijawahi kuisikia ikiwa peke yake. Alisema ameyasoma maoni ya kundi zima. Watu wakibishana kweli hukatizana. Huyu hajamaliza, yule ameingia, wa tatu anajibu jambo la juzi. Lakini Mjane na Kapteni walibishana siku tatu bila kukatizana hata mara moja. Mmoja akisema, mwenzake ametulia tuli kama ametundikwa kwenye msumari. Akimaliza, mwenzake anaamka. Katika maisha yake yote ameona jozi moja tu inayozungumza hivyo, akasema, na akamtazama Nongwa gotini.

Mama mmoja nyuma akauliza kama na habari ya mchwa ni uongo. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema yeye tayari ameshachoma stuli mbili.

Nikamwomba Fundi Saa msamaha. Nilisema nilifanya kwa ajili ya Nongwa. Fundi Saa alikifungua kisanduku, akatazama ndani, akakifunga. Ilikuwa saa ya kike, kamba mpya. Aliniambia aliitengeneza siku mbili, kwa sababu ilikuwa ya mkewe na ilikuwa haijatembea tangu siku ile. Akaitia mfukoni.

Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Fundi Saa alinyoosha wake kwa Asali bila kunitazama. Nyuma yake mikono thelathini. Asali sitini na moja, Nongwa thelathini na tatu. Kama ningekaa kimya baada ya kumpata Fundi Saa. Kama ningemwacha Mjane afe Alhamisi. Nimezigeuza hesabu hizo kila upande na kila upande jibu ni mimi.

Domokimya aliniambia wakati wa kutoka kwamba kiti namba moja bado ni changu hadi kesho. Onyesho la mwisho la Nongwa, nisikose. Basi bado ninalo tusi moja linalonisubiri. Moja linanitosha.

Jumapili, 9 Machi

Nilivaa shati jeupe. Nilikata nywele vibaya makusudi, nimsaidie kazi. Kiti namba moja mimi, namba mbili mama mkwe, namba tatu mke wangu. Namba nne wamemweka Fundi Saa.

Asali alitangulia. Alipendeza, watu wakapendeza, kila mtu akapendeza. Kisha Domokimya akafungua sanduku na Mzee Nongwa akatoka kwa mara ya mwisho, taya linagonga. Ukumbi ulisimama. Hata waliompigia kura Asali walisimama. Niliwachukia na nikawapenda.

Nongwa hushuka ngazi na kupita safu ya mbele, mtu mmoja mmoja, akianzia namba moja. Nilisogeza shingo mbele kidogo. Alifika kwangu. Domokimya alisimama, bega limefungwa, jasho shavuni. Yale macho ya mbao yakanigeukia. Taya likafunguka.

Halikutoa neno. Likafungwa. Akapita.

Alimwambia mama mkwe kwamba amekuja kwa mwanawe wiki mbili na hadi sasa kalenda inamwogopa. Ukumbi uliangua kicheko. Alimwambia mke wangu kwamba anampa pole, kisha akasema pole tena, kisha akasema basi hata ya tatu achukue. Alimwambia Fundi Saa kwamba anatengeneza saa za mji mzima lakini onyesho amefika na dakika ishirini za kuchelewa, na kwamba tai ile ni ya kumzikia mtu usiyempenda. Fundi Saa alicheka hadi akashika mbavu. Ni mara ya kwanza nimemwona akicheka.

Nilingoja arudi. Wakati mwingine hurudi. Alimaliza safu, akapanda jukwaani, akalaani viti, taa, daktari wa Domokimya, kisha akaingia sandukuni mwenyewe akilalamika kuwa kumebana. Kifuniko kikafungwa.

Niliumia. Sitaki kujifanya. Niliumia kuliko siku ya mchanga na siku ya mikono sitini na moja, na nililia pale pale safu ya mbele, na hakuna aliyenigeukia, kwa sababu wote walikuwa wanalitazama sanduku. Mama mkwe alinishika mkono wa shati hadi taa zilipowashwa.

Nje nilimfuata Fundi Saa hadi kituo cha basi. Nikamwambia samahani, safari hii bila kutaja Nongwa. Aliniambia ameisikia. Akaniuliza ile habari ya miwani kichwani niliitoa wapi. Nikamwambia ni ya mama mkwe, ni kweli tupu. Akasema alijua lazima mahali fulani kulikuwa na mtu. Akapanda basi.

Mke wangu ameniomba nifute kila akaunti mbele yake. Nimezifuta. Nimeapa kwamba kuanzia leo nitasema kwa mdomo wangu mmoja tu.

Jumatatu, 10 Machi

Mchanga tena. Jua kali, lakini kichwa kimetulia na nimefikiria sana. Sasa naelewa kosa langu lilikuwa wapi.

Hawakukatizana.

Ndilo tu. Kila kitu kingine kilikuwa sawa. Domokimya mwenyewe amenifundisha, mbele ya watu, bure. Simu moja haiwezi kusema na kukatiza kwa wakati mmoja. Mama mkwe ameniazima yake hadi jioni. Nilimwambia yangu inakwama, na yeye alishughulika kurekebisha mto kwenye kiti changu, hakuuliza zaidi.

Saa nne kamili wakaingia kundini Jaji Mstaafu na Mama wa Mapacha. Jaji, mkono wa kulia, anadai Nongwa arudishwe kwa rufaa, na kwamba kumpita mtu wa kiti namba moja bila kumtukana ni uvunjaji wa desturi. Mama wa Mapacha, mkono wa kushoto, anapinga. Hakumwacha Jaji amalize hata sentensi. Wameingiliana, wamepandana, Jaji anajibu jambo la mwanzo huku Mama yuko kwenye la tatu. Meneja alinipitia mara mbili akadhani nahesabu koleo za mchanga kwa vidole.

Ilikuwa hai mno. Watu kumi na tisa wameshajiunga na ubishi. Kwenye saa sita hivi Mama wa Mapacha alizidiwa na hasira, akamwambia Jaji kwamba kichwa chake kiliwekwa juu ya shingo na mtu aliyekuwa na haraka. Sijui yalinitoka vipi, mkono wa kushoto uliandika wenyewe. Jaji alikasirika sana. Alisema hajaja hapa kutukanwa, akatoka kwenye kundi.

Sasa Nongwa hana mtetezi. Nimemwandikia Jaji kwa jina langu mwenyewe, kwa heshima zote, nikimsihi arudi. Hajajibu.